Vitabu vya Kusikiliza

Kila Jumatatu asubuhi, kabla wasomaji hawajaingia, kazi yangu ya kwanza katika maktaba ya chuo ilikuwa kupiga taipu karatasi ya habari. Niliipiga kwenye stensili, nikaipeleka kwenye mashine ya kurudufu iliyokaa chini ya ngazi, nikazungusha mpini mpaka bega likauma. Kisha nilitoka na nakala zikiwa bado zinanuka wino. Moja ilibaki kwenye ubao wa matangazo mlangoni, moja ilikwenda kwenye mkahawa wa wanafunzi, nyingine kwenye mabweni na kwenye chumba cha walimu.

Karatasi ile ilieleza maktaba itafunguliwa saa ngapi, umeme unatarajiwa au hautarajiwi, vitabu gani vimefika kwa meli kutoka Kinshasa, na kama mashine ya kutoa nakala imepona au bado inangojea unga wake wa wino. Mwishoni mkuu wa maktaba alitaka yawepo mashauri. Usilambe kidole unapofunua kurasa. Usikunje pembe ya ukurasa, weka kipande cha karatasi. Ukitoa kadi kwenye sanduku la katalogi, irudishe palepale ulipoitoa. Anayetaka kutumia mashine ya kusomea kurasa zilizopigwa picha kwenye filamu aje asubuhi, maana mchana inapata joto na taa yake inakatika. Yote hayo niliyaandika kwa Kifaransa, na juu kabisa niliweka salamu kwa citoyens na citoyennes, kwa sababu miaka ile ya Zaire maneno bwana na bibi yalikuwa yamefutwa, sote tulikuwa raia.

Nilikuwa msichana wa Kisangani, mtoto wa mshonaji nguo aliyekuja kutoka Maniema, na kazi ile niliipata kwa kuwa nilijua kupiga taipu bila kutazama vidole. Wanafunzi walinizoea, wakaniita yaya, yaani dada mkubwa. Wakinikuta nakula mikate ya mafuta kando ya posta, hapo mtaani Makiso, walinipita wakisema, "Yaya, usilambe kidole." Nilicheka nao. Nilijua kwamba wengi waliitazama karatasi yangu kwa sababu moja tu, kujua kama kutakuwa na umeme.

Mmoja aliisoma mpaka mwisho. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa ualimu, kijana mrefu, mtaratibu, shati lake limepigwa pasi hata siku za mvua. Kwao kulikuwa kijiji kilichoingia ndani kutoka barabara ya Bengamisa. Kila Jumatatu alisimama mbele ya ubao, karibu mno, mpaka paji la uso likakaribia kugusa karatasi. Siku moja aliniomba niwe natumia herufi kubwa zaidi. Nilimwambia mashine yangu ina ukubwa mmoja tu. Wiki iliyofuata nilijaribu kuandika yote kwa herufi kubwa, na mkuu wa maktaba akaniita kuniuliza kwa upole kwa nini ninawafokea watu.

Halafu ikaja Jumatatu ambayo nilichelewa, kwa kuwa stensili ilikuwa imechanika. Nilipotoka na nakala mkononi nilimkuta yule kijana amesimama mahali pake, mikono nyuma, anasoma ubao. Lakini ubaoni hapakuwa na karatasi yangu. Palikuwa na tangazo la chama tawala tu, la salongo, kazi ya lazima ya pamoja ya Jumamosi, kufyeka majani nyuma ya mabweni.

Alisikia viatu vyangu akageuka. "Yaya," aliniuliza, "leo iko inasema nini?"

Nilimwambia kwamba sijaibandika bado. Nikabandika karatasi, nikaanza kumsomea kwa sauti ya chini kana kwamba ni mimi niliyekuwa nakagua makosa. Nilipofika mwisho aliniomba tukakae kwenye benchi la nje, na hapo akanieleza.

Alizaliwa kando ya mto wenye maporomoko, mahali penye inzi wadogo weusi wanaouma mchana kutwa na kuleta upofu. Kule kwao wazee wengi hutembea wakiongozwa kwa fimbo, na watu hawashangai tena. Yeye alidhani amewahi kuondoka kabla macho yake hayajaguswa. Daktari alikuwa amemwambia kwamba nuru iliyopotea haitarudi, na iliyobaki atabaki nayo kwa muda tu. Darasani alisikiliza na kushika kila kitu kichwani, na mitihani mingi ilikuwa ya kusimama na kujibu. Lakini sasa alitakiwa kuandika tasnifu, yaani mémoire, na tasnifu haiandikwi bila kusoma. Aliniomba nisimwambie mtu. Walimu wakijua, alisema, watamrudisha nyumbani akapumzike, na hakuna mtu aliyemjua yeye aliyerudishwa kupumzika akaonekana tena chuoni.

Nilianza kumsomea saa ya mapumziko ya mchana, kati ya rafu za mwisho, mahali ambapo watu hawakupenda kwa sababu ya popo waliokaa darini. Alikuwa anaandika juu ya watoto wa mji wetu wanaozungumza Kiswahili au Lingala nyumbani, kisha wanafundishwa kusoma kwa Kifaransa. Mara nyingi alinizuia. Nirudie sentensi, au nisubiri ameze kwanza. Muda wa saa moja kila mchana ulikuwa kama kijiko kimoja kwenye sufuria. Vitabu alivyovihitaji vilijaa meza nzima, na mimi nilikuwa na rafu za kupanga na kadi za kuandika.

Nikakumbuka vinasa sauti. Katika chumba cha lugha, kilichofungwa tangu mwalimu wake mgeni arudi kwao, kulikuwa na mashine kadhaa za kaseti chini ya turubai. Nilichukua ufunguo nikazijaribu moja moja. Nyingi zilikuwa zimeliwa na kutu na mende. Moja ilizunguka, na kwenye sanduku lake kulikuwa na kaseti nyingi zenye mazungumzo ya Kifaransa cha dukani, watu wananunua siagi. Kaseti za siagi zilifaa kurekodiwa upya.

Nilikwenda kwa mkuu wa maktaba, ambaye sote tulimwita Chef, bila kutaja mtu. Alikuwa mzee wa makamo, abakosti yake, ile suti ya Zaire isiyo na tai, imefungwa mpaka shingoni, mtu aliyeogopa kelele kuliko moto. Nilimwambia ningependa tuanzishe huduma mpya, vitabu visomwe na kurekodiwa, anayetaka asikilize. Alinitazama juu ya miwani.

"Binti yangu, maktaba ni nyumba ya kimya. Wewe unataka kuniletea maneno."

"Maneno yamo humu tayari, Chef," nilimjibu. "Yako kwenye rafu. Kuna watu hawawezi kuyafikia."

Aliniuliza ni watu gani. Nilisema ni watu ambao macho yamechoka, na watu ambao mshumaa umeisha. Alivua miwani yake akaifuta, na ninadhani alifikiria macho yake mwenyewe, kwa sababu aliniambia nitumie chumba cha magazeti ya zamani, nyuma kabisa, na kwamba mlango ufungwe. Jumatatu hiyo niliandika kwenye karatasi ya habari kwamba maktaba inatafuta watu wa kusoma vitabu kwa sauti mbele ya kinasa sauti, alasiri, katika chumba cha magazeti.

Hakuna aliyekuja.

Wiki ya pili pia hakuja mtu. Nilikuwa sijafikiria jambo ambalo kila mtu mwingine alilifikiria mara moja. Mwanafunzi mmoja wa kike, aliyesoma darasa moja na yule kijana, alinisogelea kwenye meza ya kuazimia vitabu akaniuliza kwa utulivu kaseti hizo zitaishia wapi. Nilimwambia zitakaa maktaba. "Na nani atazisikiliza?" aliuliza, akaondoka kabla sijajibu. Nyumbani nilimsimulia papa, baba yangu. Aliendelea kusukuma cherehani yake kwa mguu, kisha akasema, "Mwanangu, neno likitoka kinywani si lako tena. Sasa wewe unataka wenzako walitie kwenye mashine." Miaka ile mtu alijua kupima sauti yake hata kwenye msiba, maana masikio ya serikali yalikuwa kila mahali.

Niliona kwamba nikificha kaseti, kila mtu ataziogopa. Basi nikafanya kinyume. Nilirekodi kitabu cha kwanza mwenyewe, sura kwa sura, nikabandika kwenye kaseti jina la kitabu na la mwandishi kama kitabu kingine chochote, nikaziweka juu ya meza ndani ya sanduku la viatu lisilo na kifuniko. Kwenye karatasi ya habari niliongeza: kaseti ziko wazi, kila msomaji anaweza kusikiliza, mlango wa chumba hautafungwa. Mkuu wa maktaba aliposoma neno la mlango alikohoa, lakini hakulifuta.

Aliyekuja kwanza alikuwa kijana wa tawi la vijana la chama hapo chuoni, yule aliyetuongoza asubuhi kuimba mbele ya bendera. Aliomba kusikiliza. Nilimwekea kaseti ya kwanza. Aliketi na kalamu mkononi, akasikiliza sauti yangu ikieleza jinsi mtoto anavyotofautisha herufi, upande wa kwanza, kisha upande wa pili. Nje mvua ilinyesha ikakata. Mimi nilikuwa napanga magazeti ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Mwishoni alifunga kalamu yake akaniambia, "Citoyenne, umeruka maelezo ya chini ya ukurasa." Nilikiri ni kweli. Alisema msomaji makini atayahitaji, akaondoka.

Siku chache baadaye alirudi, akauliza kama anaweza kusoma mwenyewe. Alisoma vizuri, bila kuruka kitu, ila alisoma kama mtu anayehutubia uwanja mzima. Kumbe watu walikuwa wanatazama atakachofanya yeye. Baada yake alikuja yule mwanafunzi wa kike aliyeniuliza swali, kisha masista wawili waliokuwa wanasomea biolojia, kisha mtumishi wa idara ya kilimo mwenye sauti nzuri ya kwaya. Tukawa na wasomaji kuliko nafasi.

Umeme ulipokatika tulitumia betri. Betri zikilegea, sauti zote zilishuka zikawa za wazee, hata za masista, na hapo tulizianika dirishani juani zipate nguvu kidogo za kumalizia sura.

Lakini yule ambaye niliyafanya yote hayo kwa ajili yake hakuonekana. Nilimtafuta mkahawani, nikamtuma mtu bwenini. Alikuja mwenyewe alasiri moja, akasimama mlangoni mwa chumba cha magazeti bila kuingia.

"Yaya," alisema, "umenitangaza kama saa za kufungua."

Hakupandisha sauti. Aliniambia kwamba bwenini wanazungumza juu ya kaseti, na kwamba mwenzake mmoja alimwuliza kama anazijua, na yeye alijua maana ya swali lile. Nilichukua karatasi za habari zote zilizopita, nikamsomea moja baada ya nyingine, kila mstari uliohusu kaseti, bila kuongeza neno. Hakuna mahali nilipoandika jina, wala kipofu, wala mgonjwa. Alisikiliza akiwa ameegemea mlango.

Nilikuwa bado nasoma alipopita ndani mwalimu mmoja mzee wa historia, ambaye miwani yake ilivunjika na nyingine ilikuwa haipatikani mji mzima. Alikuwa anakuja kila siku. Aliketi, akaweka kaseti, akafumba macho. Baadaye aliingia mwanafunzi mwenye mtoto mchanga mgongoni, akakaa upande wa pili wa meza, akampa mtoto titi, mkono mmoja kwenye kitabu cha mazoezi. Hao wawili walisalimiana kama watu wanaokutana kisimani. Wakati ule sauti iliyokuwa inatoka kwenye mashine ilikuwa ya yule mwanafunzi wa kike wa darasa lake, ikisoma polepole, ikirudia sentensi ngumu mara mbili bila kuombwa. Kijana alipoisikia alinyoosha mkono, akatafuta kiti, akakaa.

"Anajua?" aliniuliza baada ya muda.

"Sikumwambia kitu."

"Anarudia pale ambapo mimi ningemwomba arudie."

Nilimwambia basi huenda wanafikiri sawasawa. Tangu siku ile alikuja kila alasiri.

Alizisikiliza kaseti kwa namna ambayo sijaona tena. Kwa kuwa hakuwa na ukurasa wa kuweka alama, alitumia sauti zilizoingia bila kukusudiwa. Dirisha letu halikuwa na kioo kimoja, na mji wote ulirekodiwa pamoja na vitabu. Akitaka kifungu fulani aliniambia, "Nipeleke pale ndege inaposhuka uwanjani Simi-Simi," au, "Ni baada ya mvua, kabla mwuza mkate hajapita." Aliyesoma kitabu kimoja alikuwa amepiga chafya katikati ya sura, na chafya ile ikawa alama yetu ya nadharia nzima. Kuhusu msomaji wa chama, aliniomba nimpelekee salamu na ombi. Asome kama anamsimulia mama yake. Nilipeleka ujumbe kwa woga. Yule bwana alifikiri kidogo, akasema hilo halijawahi kumjia akilini. Sura zilizofuata alizisoma vizuri kabisa.

Tasnifu yenyewe aliitamka na mimi nikaipiga taipu, sehemu nyingine akaipiga yule mwenzake wa kike. Kufikia hapo kila mtu alijua, na walimu pia. Hakuna aliyemrudisha nyumbani. Mwalimu wake msimamizi, aliyekuwa mkali kwa kila mtu, alikuja siku moja kwenye chumba cha magazeti, akasikiliza kidogo, akaniuliza kama kuna nafasi ya msomaji Alhamisi.

Siku ya kuitetea, ukumbi ulijaa. Mkuu wa maktaba alifunga milango yake mchana, jambo ambalo hakulifanya hata siku za sikukuu ya chama mpaka aamriwe, na mimi nilikuwa nimelitangaza kwenye karatasi ya Jumatatu. Kijana alisimama mbele ya majaji watatu, shati limepigwa pasi kama kawaida, mikono mitupu. Alieleza kazi yake bila karatasi. Maswali yalikuwa magumu, na nilifurahi kwamba yalikuwa magumu. Hawakumhurumia.

Jaji mmoja, mgeni aliyetoka chuo kingine, hakujua habari zake. Alimwuliza maneno fulani ameyatoa ukurasa gani. Kijana aligeuza uso kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Ukurasa wenyewe umeandikwa chini, Profesa, mwenzangu aliuandika," alisema. "Mimi nakikumbuka kifungu hicho pale mtoto anapolia nje na msomaji anangoja anyamaze. Mwandishi anasema hivi." Akakitoa kifungu chote, neno kwa neno, pamoja na maelezo ya chini ya ukurasa. Jaji alifungua kitabu akafuata kwa kidole. Alipomaliza alikifunga, akasema hana swali lingine.

Walimpa alama ya juu. Watu walipiga makofi, masista wakapiga vigelegele, na kijana wa chama, ambaye ingekuwa desturi yake kuanzisha wimbo, alikaa tu akifuta uso kwa kitambaa. Jioni tulikula lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki wa kuchoma uani kwa dada yake, aliyeishi ng'ambo ya mto, na yule mwenzake wa kike ndiye aliyepakua.

Walioana mwaka uliofuata. Kijana alipewa kazi katika shule ya kufundishia walimu, upande wa Bengamisa, na nuru ya mwisho ikazimika mwaka huohuo, taratibu, bila maumivu, hivyo ndivyo alivyoniandikia kwa mkono wa mke wake. Pale maktaba tuliendelea kurekodi mpaka mkanda wa ndani wa mashine ulipokatika, na hapakuwa na mwingine. Mwalimu wa historia alipata miwani. Mtoto wa yule mwanafunzi alijifunza kutembea kati ya miguu ya meza zetu.

Nilikwenda kuwatembelea mara moja, wakati wa kiangazi, juu ya lori la ndizi lililokuwa linarudi tupu. Nilifika darasa likiendelea, nikakaa benchi la nyuma na vumbi langu. Alikuwa amesimama katikati ya wanafunzi, si mbele. Msichana mmoja alikuwa anasoma kwa sauti, haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza adhabu. Mwalimu alimwacha amalize aya, kisha akamwomba aisome tena, safari hii amtazame mwenzake wa upande wa pili wa chumba na ahakikishe anamfuata. Msichana alisoma tena. Mwenzake akatikisa kichwa kwamba anafuata. Mwalimu hakuona, lakini alisubiri kidogo, akasema vizuri, twende mbele.

Kengele ilipopigwa, wanafunzi walimwambia kuna mgeni. Nilimsalimu, naye akanijua kwa neno la kwanza, akanishika mikono yote miwili. Aliniuliza habari za papa yangu, za mkuu wa maktaba, za masista. Tulitembea pamoja mpaka nyumbani, yeye akinionyesha njia, hapa kuna jiwe, hapa kuna mfereji, angalia mguu. Mke wake alikuwa ameshaweka maji motoni.